Watoto wa Kaka Yako Wakija

Pangani, mwezi wa Juni

Mwanangu,

Kaka yako kuwaleta wanawe wawili kutoka Leicester wakae kwako Tanga hadi mwisho wa Agosti ni jambo la heri, Alhamdulillahi. Lakini hiyo orodha yako ya matayarisho imenishtua: mikate ya siagi, televisheni mpya, na chumba cha wanao kupewa wageni. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wanao wasihamishwe. Shule za Uingereza hufungwa mwezi wa Julai, na wakati huo za kwetu zimeshafunguliwa. Kila alfajiri wanao watakuwa wakitafuta soksi gizani huku binamu zao wamelala. Ukizidisha na kuwalaza wenyeji mkekani sebuleni, chuki utakuwa umeipanda mwenyewe. Walale wote chumba kimoja, wagombane, wapatane. Na hao wa Leicester waamshwe pia, wafagie uwanja, wakufuate soko la Mgandini wakabebe kikapu. Hawakuja hotelini.

Palipo na tofauti ya kweli ni kwenye malaria, na hapo usisikilize mtu akikwambia "hawa ni damu yetu, hawadhuriki." Kinga tuliyo nayo huku hairithiwi kwa jina la ukoo. Hujengwa kwa kuumwa mara kwa mara tangu utotoni, na anayehama humpungua. Kwa hiyo hata kaka yako, kwa miaka aliyokaa kule, asijione shujaa. Watoto waje na dawa ya kinga waliyoandikiwa na daktari wao, nawe uhakikishe wanaimeza kama alivyoagiza, hata wakikunja uso. Wakirudi kwao wasiiache mpaka siku alizosema daktari zitimie. Chandarua chenye dawa kila kitanda. Mbu wa malaria huuma usiku. Mtoto akipata homa, siku hiyo hiyo apelekwe kupimwa damu. Habari ya "tumpe panadol tuone kesho" haipo. Mwambie na mama yao: homa ikiwapata hata miezi miwili, mitatu baada ya kurudi, daktari wa kule aambiwe mtoto alikuwa Tanga. Asipoambiwa, anaweza kudhani ni mafua.

Uliza mapema kama kuna mwenye mzio wa karanga. Wewe unapika kisamvu kwa karanga, mchicha kwa karanga, na kashata hazikauki kwako.

Bahari ya Julai na Agosti ni ya kusi, ina nguvu. Tena kwetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mtoto aliyejifunzia kuogelea bwawani hajui kuwa fungu alilosimama litamezwa. Waende na mtu mzima, na mlangoni mwa mto Pangani wasiingie kabisa.

Watasema Kiingereza, na majirani watakuja kukifanyia mazoezi. Wewe wajibu kwa Kiswahili. Usiwacheke wakikosea, wala usiwaite Wazungu, hata kwa utani. Shikamoo wafundishe siku ya kwanza. Wakimsahau mzee mmoja, mkumbushe mtoto pembeni, si mbele ya baraza.

Fimbo usiinue. Wana wazazi, na wazazi wana simu.

Jambo jingine linatuhusu sisi wakubwa. Katika ukoo wetu watoto hawa watageuzwa matarishi: "Mwambie baba yako bati la bibi linavuja," "mwambie ada ya fulani haijalipwa." Mtoto wa miaka 10 atarudi Uingereza amebeba madeni yetu yote kichwani, na mwakani hatataka kuja. Mwenye shida na kaka yako ampigie mwenyewe. Ukimsikia mtu anawatuma, mkatize, hata nikiwa mimi.

Pasi za watoto ni za Uingereza, basi kaka yako ashughulikie viza mapema. Tena mifuko ya plastiki ya kubebea asiilete, imepigwa marufuku nchini tangu 2019.

Nawe kanunue vyandarua wiki hii, usingoje ndege itue. Kisha Jumamosi yao ya kwanza niletee wote wanne huku Pangani, na wasile njiani.

Shangazi yako