Mafuriko na Wakazi wa Chini ya Mto

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Asimamaye ukingoni huona maji tu. Ainamaye akapindua jiwe huona mji mzima wa mabuu, konokono na minyoo, ambao ndio riziki ya samaki. Mji huo una watawala wawili: nguvu ya maji na joto lake. Nguvu huwahamisha wakazi na kuwasafishia nyumba. Joto huyaambia mayai saa ya kuanguliwa, na mabuu saa ya kuota mabawa.

Ukweli huu mimi huupima kwa mto Colorado, Marekani. Zamani mto huo ulifurika kila mwaka theluji ilipoyeyuka milimani. Maji yake yalikaribia kuganda wakati wa baridi, na wakati wa joto yalifikia karibu nyuzi 30 za sentigredi. Mwaka 1963 bwawa la Glen Canyon lilianza kuyazuia. Tangu hapo yalitolewa kutoka kilindini, na kwa miaka mingi yalikuwa baridi, nyuzi kama 10, mwaka mzima. Wale wadudu wa mabawa laini, waishio majini miezi mingi na hewani siku moja au mbili, wakatoweka karibu wote katika mto ule. Usubi na konokono wakarithi mawe yao.

Mwaka 1996 maji yalifunguliwa kwa makusudi kwa siku 7, ili yaige mafuriko ya kale. Mwaka 2008 yakafunguliwa tena. Baada ya gharika hii konokono wageni, wenye asili ya New Zealand, walipungua sana. Usubi wakaongezeka, na samaki aina ya trauti wakanawiri. Lakini waliotoweka hawakurudi. Gharika iliosha mawe, haikurudisha joto. Tena maji yalipanda na kushuka kila siku kwa kufuata haja ya umeme, hata mayai yaliyotagwa ukingoni yakakauka. Ndiyo sababu mwaka 2018 yalianza kutulizwa kila mwisho wa juma, toka Mei hata Agosti.

Naona hapa funzo kwa kila nchi ijengayo mabwawa, yetu ikiwamo. Mto haudai maji tu, hudai na majira yake. Kila masika na mbu wake. Aliyeunyang'anya mto joto na mafuriko, kisha akaurudishia mafuriko peke yake, amelipa nusu ya deni. Na wadai wake, wadogo kama punje za mtama, hawana kinywa cha kudai nusu iliyobaki.