Mdudu wa Kibale na Uzito wa Jina



Leo hatuzungumzii udi wala mapambo ya hina. Tunazungumzia mdudu. Msikimbie, urefu wake ni milimita 6.5 tu, na habari yake imetugusa sisi wanawake tunaojua uzito wa jina.

Mwaka 2022, mtaalamu wa wadudu Alvin Helden, wa Chuo Kikuu cha Anglia Ruskin, Uingereza, aliandika katika jarida la Zootaxa juu ya mdudu ambaye hakuwa ameandikwa na yeyote. Alimpata magharibi mwa Uganda, katika msitu wa Kibale unaosifika kwa sokwe, alipokwenda na wanafunzi wake. Ni katika vile vidudu virukavyo majanini na kufyonza maji ya mmea. Mwili wake unang'aa kama madini na una vishimo vidogo vidogo. Akamwita Phlogis kibalensis, yaani Phlogis wa Kibale. Kabla yake, mara ya mwisho mdudu wa ukoo huo kuonekana ilikuwa mwaka 1969, Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Sisi mtoto tunampa jina siku ya saba. Mdudu hapati jina upesi hivyo. Huhifadhiwa, hupimwa chini ya hadubini, kisha hulinganishwa na ndugu zake waliokwisha kuandikwa, maana kwa macho matupu wanafanana kama mapacha. Mara nyingi kinachowatenganisha ni viungo vya uzazi vya dume (dada zetu, msicheke, ndiyo elimu), na vya huyu vina sehemu yenye umbo la jani. Mwisho, mdudu mmoja huteuliwa kuwa shahidi wa jina na kuhifadhiwa, ili atakayetia shaka baadaye aende akamtazame. Tuliposoma hayo tukakumbuka nikaha: nayo haipiti bila mashahidi.

Tukazidi kuvutiwa na jamaa zake, ambao aina zao zilizoandikwa duniani zinapita 20,000. Dume hapigi kelele kumwita mwenzake. Hutetemesha kijiti alichokalia, na jike akiridhika hujibu kwa mtetemo wake katika mmea uleule. Sisi tukiwa karibu hatusikii kitu. Wengi wao pia hujipaka chembe laini mfano wa unga, zinazotoka ndani ya miili yao wenyewe, na maji hayawashiki. Subhanallah, kumbe nao wana singo yao!

Uchungu uko hapa. Misitu ya nchi za joto inakatwa kwa ajili ya mashamba, na wako viumbe wanaoondoka kabla hawajaitwa. Kisicho na jina hakihesabiwi, wala hakuna wa kuuliza kimekwenda wapi. Kikipotea, hakuna tanga. Huyu wa Kibale amewahi kupata jina kwa kuwa msitu wake umehifadhiwa, na kwa kuwa mtu aliinama akatazama kidudu ambacho wengine wangekipangusa begani.

Hapa Unguja, msitu wa Jozani tunausifu kwa kima punju. Wale wadogo walioko majanini ni nani anayewauliza? Bibi zetu walikuwa na jina la kila jani la dawa, la kuogea na la kufukiza. Sisi wajukuu tumeanza kusema "majani tu". Jina likitoka mdomoni, na kitu chenyewe huanza kututoka mkononi.

Kwa hiyo, bi harusi wetu, ukijaaliwa nyumba yako ukapanda asumini na mrehani, ukaona kidudu kikiruka, usikimbilie dawa ya kupuliza. Kitazame kwanza. Muulize mama mkwe kwao wanakiitaje. Akiwa na jina lake, lishike, uje uwafundishe watoto.