Alama za Chini Hazikunifungia Mlango

Mara nyingi baada ya ibada wasichana wa kwaya, na wakati mwingine mama zao, hunifuata na kuniuliza: "Sista, mtu aliyeanza chuo kwa alama mbaya, anaweza kweli kusomea kazi ya usingizi?" Huwajibu kwamba anaweza, lakini si kwa bahati, wala si kwa maombi yasiyo na kazi. Leo napenda kulieleza jambo hili kwa kirefu, maana najua wako akina mama wengi waliokificha cheti chao chini ya sanduku kwa sababu ya namba zilizoandikwa juu yake.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Watu hudhani muuguzi wa usingizi huchoma sindano moja kisha hukaa. Sivyo. Kabla mgonjwa hajaingia thieta, yeye ndiye anayempima uzito, kumwuliza alikula saa ngapi, kumtazama kinywa na shingo, na kukagua mtungi wa oksijeni na mashine ya kufyonza makohozi. Akishampa dawa haondoki kichwani pake. Huangalia pumzi, mapigo ya moyo, presha na rangi ya midomo mpaka mgonjwa azinduke. Mama anayejifungua kwa upasuaji mara nyingi huchomwa ganzi ya mgongoni, na presha yake yaweza kushuka ghafla katika dakika chache. Hapo roho mbili ziko mikononi mwa mtu mmoja. Ndiyo maana vyuo huchagua kwa ukali, na wala hawafanyi ukatili wanapotazama alama.

Mimi nilianza chuo cha uuguzi mwaka 2001. Mwaka huohuo baba yangu alipooza, nami ndiye binti yake mkubwa. Jioni nilitoka darasani nikaenda wodini kumgeuza, kumlisha na kumfulia, na vitabu nilivifungua wenzangu wakiwa wamelala. Alifariki kabla sijaingia mwaka wa pili. Alama zangu za mwaka wa kwanza zilikuwa za kupita kwa shida, na mtihani wa famakolojia, yaani somo la dawa, niliurudia. Miaka iliyofuata nilifanya vizuri, nikapata stashahada yangu. Lakini karatasi ya matokeo haisimulii habari za baba wa mtu. Huonyesha namba tu.

Nilihudumu wodi ya wazazi miaka mingi bila wazo la kusoma tena. Usiku mmoja wa mwaka 2014 aliletwa mama mwenye mimba ya tatu, uchungu umekwama. Daktari alikuwepo na thieta ilikuwepo, ila mtaalamu wa usingizi tuliyekuwa naye ni mmoja tu, naye alikuwa amekwenda msibani. Tulimpakia mama yule kwenye gari kwenda hospitali nyingine, mwendo wa saa mbili, mimi nikiishika dripu njia nzima. Mama alipona. Mtoto hakupona. Mwaka uliofuata, 2015, tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitangaza kuwa watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji ulio salama na wanaoumudu. Mimi nilikuwa nimekwisha kumjua mmoja wao kwa sura.

Mwaka 2016 niliomba nafasi ya mafunzo ya usingizi. Barua ya kunikataa ilikuwa fupi: alama za fiziolojia na famakolojia hazikutosha. Nililia, siwafichi. Baba watoto aliisoma ile barua mara mbili, akasema, "Mama, hapa hawajasema huwezi. Wamesema hawajaona kama unaweza. Basi waonyeshe."

Daktari wetu wa upasuaji naye alinipa neno nisilolisahau. "Sista, alama za zamani huwezi kuzifuta. Weka mpya kando yake." Akanisimulia habari za Alice Magaw, muuguzi wa Marekani aliyetoa usingizi katika hospitali ya St. Mary's mjini Rochester, Minnesota. Mwaka 1906 mama huyo alichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 aliowahudumia, bila hata mmoja kufa kwa sababu ya dawa ya usingizi. Aliheshimiwa kwa sababu kazi yake ilikuwa imeandikwa.

Basi nami nikanunua daftari. Nikamwomba metroni anihamishie thieta, na kila mgonjwa niliyesaidia kumwangalia nikaandika, bila jina lake, umri, uzito, dawa aliyopewa, presha kila baada ya dakika tano, na jinsi alivyozinduka. Jioni, watoto wakishalala, nilirudia masomo mawili yaliyoniangusha. Hesabu za dozi nilizifanya mpaka zikawa nyepesi. Kwa mfano, daktari akiagiza ketamini miligramu 2 kwa kila kilo, mama wa kilo 60 anahitaji miligramu 120; chupa yenye miligramu 50 katika kila mililita inamaanisha mililita 2.4. Ukikosea nukta hiyo moja umempa mara kumi. Kisha nilijiandikisha kozi fupi ya fiziolojia na famakolojia, nikafanya mtihani, nikapata alama nzuri. Hiyo ilikuwa karatasi mpya.

Mwaka 2018 niliomba tena. Safari hii niliambatanisha matokeo mapya, barua ya metroni na ya daktari, nami nikalichukua daftari mkononi siku ya usaili. Waliniuliza juu ya mwaka 2001. Nilieleza kwa sentensi mbili, bila kumlaumu mtu na bila kutafuta huruma, kisha nikawaomba watazame yaliyofuata. Mmoja wao alifunua daftari ukurasa baada ya ukurasa, akaniuliza juu ya mgonjwa mmoja ambaye presha yake ilishuka. Nikamjibu tulichofanya na sababu yake. Nilipokelewa.

Akina mama, mlango ulifunguka lakini nyumba iligharimika. Mafunzo yalikuwa ya mwaka mmoja, mbali na kwetu. Mama mkwe alihamia kwetu, kikundi chetu cha upatu kikanipa zamu ya kwanza ili nipate ada, na jumuiya ya kanisa ikawa inapita nyumbani kila Alhamisi. Mtoto wangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka 4, alianza kumwita bibi yake "mama". Jambo hilo liliniuma kuliko mtihani wowote. Kwa hiyo sisemi kila mmoja aende. Kaa na mumeo, hesabuni fedha, jueni nani atabaki na watoto, na muombe pamoja kabla ya kujaza fomu.

Lakini kama wito upo, usizuiwe na karatasi ya ujana wako. Chukua matokeo yako uyasome bila woga, ujue somo gani hasa lilikuangusha. Liende hilo hilo. Uliza chuo chenyewe masharti yake, maana hubadilika. Fanya kazi karibu na kazi unayoitaka, na uandike unachofanya. Walimu hawawezi kuona moyo wako kama Mungu auonavyo. Wao huona karatasi. Wape karatasi nyingine ya kusoma.

Mimi sasa niko kwenye daftari la tano. Hospitali yetu ina wataalamu wa usingizi watatu, na mmoja akienda msibani, wawili wanabaki. Bwana awatie nguvu.