Aliniambia Anaumwa, Nikacheka

Kwa miaka mingi niliamini kwamba anayeweza kuchekesha ukumbi mzima hawezi kuwa mgonjwa wa akili. Imani hiyo niliitangaza mbele ya watu, nikiwa mshereheshaji wa harusi hapa Kitengela na kwingineko Kajiado. Ilimuumiza mtu aliyenijia kutafuta msaada, na ndiyo sababu ya maungamo haya.

Agosti 2014, mchekeshaji Robin Williams alipojitoa uhai huko California akiwa na miaka 63, nilimhukumu siku hiyo hiyo. Mtu ana tuzo ya Oscar, dunia nzima imechekeshwa naye katika Mrs. Doubtfire, anakosa nini? Niliona ni ugonjwa wa walioshiba. Kisha mwishoni mwa Juni 2020 mwili wa Joseph Musyoki Kivindu, Kasee, mchekeshaji wetu wa Churchill Show, ukapatikana Kinoo. Wenzake walieleza kwamba alikuwa akisumbuliwa na msongo wa mawazo na pombe. Mimi nilishika neno moja tu, pombe. Nilisema angetunza pesa zake angekuwa hai. Sikuwahi hata kuketi naye. Alinifurahisha bure jioni nyingi, nami nilipopata nafasi ya kumsemea neno jema nikamsema vibaya.

Mwaka uliofuata nilisherehesha harusi Magadi. Kulikuwa na kijana wa hapo mjini, jina lake nalihifadhi, ambaye kila sherehe ilimtegemea. Alikuwa akiigiza wazee, makarani, hata mbuzi aliyekataa kupanda lori, na watu walilia kwa kicheko. Mchana ule, jua la Magadi likiwa limekaza, alinivuta kando nyuma ya hema. "Kaka, sipati usingizi," akaniambia. "Nikifunga macho naona watu wamesimama mlangoni. Naogopa nyumba yangu mwenyewe."

Nilicheka kwa sauti. Nikampiga begani nikamwambia hiyo ni kali, aiweke jioni.

Alinitazama kidogo, halafu naye akacheka. Jioni alipanda jukwaani akayasema yale yale, watu wa mlangoni, usiku usioisha, na ukumbi ukalipuka. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Tena kabla ya kumkaribisha nilikuwa nimetoa kichekesho changu cha Mathari, nikitembea kwa kuyumba na kuongea na hewa, nilivyozoea kufanya karibu kila harusi. Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili imewapokea wagonjwa tangu 1910, na mimi niliifanya kuwa mahali pa kuchekwa, mbele ya mtu aliyekuwa akitafuta ujasiri wa kwenda kutibiwa. Sehemu hiyo ya kosa langu ndiyo inayoniuma zaidi.

Miezi kadhaa baadaye wachungaji wa mifugo walimkuta akitembea peke yake barabarani kuelekea Olorgesailie, hana maji, hajui anakokwenda. Ndugu zake wakampeleka kutibiwa.

Ndipo nilipotafuta habari za wale niliowahukumu. Nilisoma makala ambayo Susan Schneider Williams, mjane wa Robin, aliiandika mwaka 2016 katika jarida la kitabibu la Neurology.  Mwaka 2011 mumewe aliigiza tamthilia Broadway usiku baada ya usiku, mistari yote iko kichwani. Miaka mitatu baadaye, akirekodi filamu Vancouver, mstari mmoja ulimshinda kuushika. Usingizi ulivurugika, hofu ikamwandama, akaanza kuwashuku watu. Mei 2014 aliambiwa ana Parkinson. Uchunguzi wa maiti ndio ulioonyesha kwamba ubongo wake ulikuwa umejaa chembe za Lewy, mirundiko ya protini inayoharibu kumbukumbu, usingizi, hisia na hata mwendo. Madaktari wenyewe hawakuwa wameuona ugonjwa huo alipokuwa hai. Na mimi, kutoka Kitengela, nilikuwa nimeshatoa hukumu kabla majibu ya uchunguzi huo hayajatoka.

Sisemi kijana wetu ana ugonjwa huo. Daktari wake ndiye anayejua. Ninachosema ni kwamba kukosa usingizi na hofu isiyo na sababu ni dalili ambazo hata mtu asiyesoma udaktari anaweza kuzisikia, na mimi niliambiwa kwa maneno mepesi kabisa.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Alikuwa amepungua mwili, anaongea polepole kwa sababu ya dawa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Nilikuchagua wewe kwa sababu unaijua kazi hii. Nilidhani utajua lini natania."

Hakusema amenisamehe, nami sikumsukuma. Kichekesho cha Mathari nimekiacha, na nimewaeleza washereheshaji wenzangu kwa nini. Nikipata safari ya Magadi napita kwake. Akikwama nauli ya kliniki, namtumia. Siku nyingine ananichekesha kama zamani. Nikishamaliza kucheka namuuliza amelalaje, na sasa nasubiri anijibu.