Kuku wa Dola Tano

Costco, duka la jumla la Marekani, linauza kuku mzima wa kuchomwa kwa dola 4.99, na bei hiyo haijapanda tangu 2009. Kuku ana uzito wa zaidi ya kilo moja na robo, na ameshatiwa viungo. Ili umfikie inabidi utembee hadi nyuma kabisa ya duka, upite televisheni, nguo na mifuko ya mchele. Ndiyo biashara yenyewe hiyo. Mwaka 2015 mkuu wa fedha wa kampuni, Richard Galanti, alieleza kuwa wako radhi kukosa dola milioni 30 hadi 40 za faida kwa mwaka kuliko kupandisha bei ya kuku huyo.

Kwa sisi wahamiaji tunaobeba boksi huku Marekani, kuku huyu anaokoa jioni. Baba anaingia zamu, mama ndio kwanza anatoka, watoto wana njaa. Ukimfungua nyumbani bado anafuka moshi. Ukivuta paja, linaachia lenyewe, na mchuzi umetuama chini ya mfuko. Wali ukiwa tayari na kachumbari imekatwa, saa moja usiku watoto wameshiba. Mifupa naichemsha kwa tangawizi na ndimu, kesho tunakunywa supu.

Kwetu, nilikokulia, kuku hakuliwa bila sababu. Akija mgeni, watoto tulitumwa uani kumkamata jogoo. Mama akammwagia maji ya moto, tukamnyonyoa, kisha akambabua vinyweleo juu ya moto. Firigisi ilikuwa ya baba au ya mgeni, na hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Kuku wa dola tano hana firigisi. Wanangu hawajui kwamba kuna kipande cha mtu mmoja tu mezani, na hilo linaniuma. Heshima ile naililia. Kazi ile siililii hata kidogo, kwa sababu yote ilimwangukia mama na binti zake.

Kinachonikera zaidi ni kingine. Hadi mwaka 2025, familia nyingi za Wakongo waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, zilianza maisha huku kwa kadi ya SNAP, msaada wa chakula wa serikali. Kadi hiyo inanunua kuku mbichi. Inanunua hata kuku wa kuchomwa, mradi amekwisha poa na kuwekwa kwenye friji. Wa moto, kwa kawaida, hainunui: sheria imekataza chakula cha moto kilicho tayari kuliwa. Kuku ni yuleyule, tanuri ni lilelile. Mama aliyesimama usiku kucha kwenye mstari wa kiwanda cha nyama, anayehitaji kuliko wote kumkuta kuku ameiva, ndiye anayeambiwa akapike mwenyewe au angoje apoe.

Dar es Salaam au Bukavu, ukisimama jioni mbele ya jiko la kuku wa kuchoma na hela mkononi, muuzaji hakuulizi umeipata wapi. Kikwazo cha kule ni bei. Cha huku ni kanuni, na kanuni hubadilishwa na watu. Wapo wabunge wa Marekani waliokwisha kupeleka miswada ya kuiondoa. Wenzangu mliopata uraia, mna mbunge na mna kura: mwandikieni, na mtajeni mama huyo wa zamu ya usiku.