Njia ya Tarime hata Mugumu, na Habari za Mshale wa Mafuta

Twapenda kuwapasha wasomaji wetu habari za njia itokayo Tarime kwenda Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti. Si njia ndefu, yapata kilomita 87. Walakini mtu aipitaye katika lori kuukuu huona nchi tatu kwa siku moja. Kwanza ni milima ya Tarime, yenye baridi asubuhi, migomba, kahawa, na mahindi mpaka kandokando ya njia. Kisha nchi hutelemka hata Nyamongo, penye mgodi wa North Mara ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2002. Huko jua ni kali na vumbi ni jingi. Mwisho ni Mto Mara, utokao milima ya Mau katika Kenya, ukapita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, ndipo ukaja kuzigawa wilaya hizi mbili kabla ya kuingia katika Ziwa Viktoria.

Malori mengi ya njia hii ni ya dizeli, nayo yalikwisha kufanya kazi miaka mingi katika nchi nyingine kabla ya kuja kwetu. Sisi tulipanda Isuzu la mzee mmoja wa Mugumu, lililochukua mabati na magunia ya mahindi. Mzee mwenyewe alikuwamo. Utingo hakuwamo, na tulipouliza habari zake, dereva alinyamaza. Mzee ndiye aliyejibu: “Nimemfukuza. Ni mwizi wa mafuta.”

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jioni moja walitia mafuta, mshale ukaonyesha nusu ya tanki. Kijana akalala ndani ya lori, kama ilivyo desturi ya matingo. Asubuhi mshale ukaonyesha robo. Kijana akaapa kwamba hakugusa kitu, lakini nani angemsadiki, naye ndiye aliyelala penye mafuta usiku kucha? Akaondoka bila mshahara wa miezi miwili. Katika nchi hii jina la wizi si jambo dogo; humfuata mtu mpaka nyumbani kwao, na nani atampa kazi tena?

Tulipofika Nyamongo mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Mzee akakasirika, akamtazama dereva kwa jicho la shaka, maana sasa hapakuwa na utingo wa kulaumiwa. Wakaliingiza lori kwa fundi, kijana wa makamo, mpole wa maneno.

“Tata,” akasema fundi, “kabla ya kusema neno la mtu, tupime.”

Akalisimamisha lori mahali palipo sawa, akatwaa ufito ulionyoka, akaukausha, akautumbukiza katika tanki mpaka chini. Ulipotoka ulikuwa umelowa sentimita 20. Tanki lile ni la pembe nne, urefu wake sentimita 100, upana 50, kina 40. Walimu wasomao haya wanaweza kuwapa watoto hesabu hii: kila sentimita moja ya kina ni lita 5. Basi ndani ya tanki mlikuwa na lita 100, nusu yake kamili, na mshale wasema hamna kitu!

Yafaa tueleze kazi ya chombo hiki. Ndani ya tanki mna boya, ambalo mafundi huliita floti, limefungwa katika mkono wa chuma. Mafuta yakipanda, boya hupanda, na mkono husugua waya mwembamba uliozungushwa. Hapo ukinzani wa umeme hubadilika, na mshale mbele ya dereva husogea. Katika malori mengi ya Kijapani ukinzani ni mkubwa tanki likiwa tupu, ni mdogo likijaa. Yako magari, kama yale ya zamani ya General Motors ya Marekani, ambayo ni kinyume: tupu ni ohmu 0, tele ni ohmu 90. Kwa hiyo mtu asinunue chombo cha gari jingine kwa sababu tu matundu ya skrubu yamelingana.

Fundi akafungua waya juu ya tanki, akawasha swichi: mshale ukabaki chini. Akaugusisha ule waya na chuma cha chasisi kwa dakika chache za jicho tu, maana ukishikwa sana geji nyingine huungua. Mshale ukapanda mpaka juu. Basi geji ni nzima, na waya wake ni mzima. Ubovu umo tankini, au katika waya wa kuunga chombo na chasisi. Akakwangua kutu penye waya huo, akarudisha, akajaribu. Mshale haukusogea. Ndipo akakitoa chombo chenyewe. Boya lilikuwa la shaba ya manjano. Akalitikisa karibu na sikio la mzee, na mzee akasikia mafuta yakicheza ndani.

Tundu lilikuwa dogo kama ncha ya sindano. Mafuta yalikuwa yakiingia kidogo kidogo, boya likazidi kuzama, hata lori likiwa limesimama usiku. Fundi akayatoa, akaliosha boya kwa sabuni na maji ya moto mara nyingi (kulipeleka penye moto likiwa na mafuta ni kutafuta mauti), kisha akaliziba kwa lehemu kidogo sana, kwa kuwa lehemu nyingi hulifanya zito. Mshale ukasimama nusu.

Wako madereva wasemao kwamba heri mshale usemao uongo wa kupungua kuliko ule wa kuzidi. Kweli, mkono ukikwama juu, lori huzimika njiani, na dizeli si petroli: hewa huingia katika mabomba, na dereva hana budi kulegeza skrubu ya chujio na kupiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe. Ni taabu ya saa moja. Lakini uongo wa kupungua ulikuwa umekwisha kumgharimu kijana yule zaidi.

Mzee alikaa juu ya gunia muda mrefu. Kisha akamwuliza dereva kama ajua nyumbani kwa yule mura. Ilikuwa ng'ambo ya daraja la Mto Mara, mwendo mfupi kutoka njiani. Tukasimama hapo alasiri. Mzee akamhesabia mshahara wake mbele ya mama yake na jirani, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kijana hakuiba. Kijana akapokea kwa mikono miwili, akamshukuru, lakini alipoambiwa apande lori alisema kwamba analima na ndugu yake msimu huu. Mzee hakumshurutisha. Tuliingia Mugumu giza likianza, na ule ufito umefungwa nyuma ya kiti cha dereva.