Andika Kuhusu Soko la Matunda

Mpwa wangu Zuhura,

Umesema mwalimu wenu wa usanifu majengo amewataka kila mmoja achague jengo kuukuu lililopewa kazi mpya. Mjomba wako anakushauri uandike kuhusu Fruitmarket, hapa Edinburgh.

Jengo hilo lilijengwa mwaka 1938 liwe soko la matunda na mboga, kwenye mtaa uitwao Market Street, ubavuni kabisa mwa stesheni ya Waverley. Mwaka 1974 likageuzwa kuwa jumba la sanaa. Miaka ya mwanzo ya 1990 msanifu Richard Murphy alilifanyia ukarabati mkubwa, na leo mpita njia anaona ndani kupitia vioo, hata kama hana mpango wa kuingia.

Ila ningependa utulie zaidi kwenye ghala la jirani. Kabla ya kuunganishwa na jumba, ghala hilo lilikuwa klabu ya usiku. Jumba lilipofunguliwa upya mwaka 2021, wasanifu wa Reiach and Hall walikuwa wameliacha ghala karibu jinsi lilivyo: matofali wazi, mbao kuukuu, boriti za chuma juu ya kichwa. Wangeweza kulipiga lipu na rangi nyeupe kama kumbi nyingine za maonyesho. Unatoka chumba cheupe chenye mwanga, unavuka mlango, na macho yanahitaji muda kuzoea kiza. Ukuta una makovu ya miaka yote hiyo, na hakuna aliyejaribu kuyaficha. Kwangu mimi, kujua pa kuacha ndio ufundi wenyewe, na ninatamani mafundi wetu wanaokabidhiwa majengo ya zamani wangejifunza hilo kabla hawajashika nyundo.

Mwaka 2024, jumba lilipotimiza miaka 50, msanii Ibrahim Mahama wa Ghana alifanya maonyesho yake hapo. Alichora kwa mkaa na wino habari za reli ambayo Waingereza waliijenga Ghana enzi za ukoloni, ile iliyopeleka dhahabu, mbao na kakao pwani zikapakiwe melini. Kazi hiyo ilining'inia ndani ya soko la zamani, treni zikipita hatua chache tu kutoka hapo. Sidhani kama ingepata ukumbi ulioifaa kuliko huo.

Usisahau ngazi za Scotsman Steps, karibu na hapo. Jumba ndilo lililompa msanii Martin Creed kazi ya kuzivika marumaru, na mwaka 2011 alizikamilisha: vidato 104, kila kimoja marumaru ya aina yake. Watu wanazikanyaga mchana na usiku wakiwahi treni, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa.

Kiingilio ni bure, kwa hiyo nitakwenda kukupigia picha. Niandikie unataka nizipige kutoka upande gani, na kama mwalimu anadai michoro ya ramani, uniambie mapema.

Mjomba wako